Nilitaka Kusikiliza Santuri Tu

Nilipozitoa santuri zangu chini ya kitanda na kuzipangusa vumbi, nilimtangazia mke wangu kwamba kabla ya mwezi kwisha nyumba hii itasikia muziki wa haki, maana nimechoshwa na nyimbo zinazokaa ndani ya simu kama wapangaji wasiolipa kodi. Huu ni mwezi wa tatu.

Kosa la kwanza lilikuwa gramafoni ya mkoba, ile inayofungwa kama sanduku la safari na kubeba spika zake tumboni. Ilipendeza, tena bei yake haikuumiza, ila sindano yake ilikandamiza santuri kwa uzito wa gramu 5 hivi, ilhali sindano ya mashine iliyotulia huhitaji gramu 2 au pungufu. Pamoja na uzito huo wote bado iliruka kila besi ilipoguruma, kwa kuwa spika zilitikisa kasha lile lile lililoibeba sindano. Muuzaji alinishauri nibandike sarafu juu ya kichwa cha mkono unaobeba sindano. Hiyo si sindano tena, ni jembe!

Nikaamua kuuliza wajuzi, na wajuzi hawa hawakubaliani hata salamu. Wapo wanaoapa kwa mkanda wa mpira unaozungusha sahani inayobeba santuri, wakidai kwamba huzuia mtetemo wa mota usiifikie sindano. Wapo wanaosema mkanda hulegea, kwa hiyo sahani izungushwe na mota yenyewe, kama ilivyo kwa mashine ya Technics SL-1200 ya mwaka 1972, ambayo madijei waliing'ang'ania kwa sababu hushika kasi mara moja. Mimi sina haraka yoyote, nikachukua ya mkanda.

Nikaiunganisha na redio, nikatega sikio, nikasikia mbu. Fundi alinieleza, kwa upole wa daktari anayemwandaa mgonjwa, kwamba wakati wa kuchonga santuri besi hupunguzwa makusudi, kwani ikiachwa ilivyo mifereji hutanuka na kula nafasi ya nyimbo, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mikwaruzo. Kwa hiyo panahitajika priampu, kifaa cha kurudisha kila sauti mahali pake. Mashine nyingine huja nayo ndani. Yangu haikuja nayo. Yaani muziki nilikuwa nimeununua zamani, na sasa nililazimika kulipia besi yake peke yake.

Nililipa. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini watu wenye busara huchagua mashine inayojiinulia mkono, hata wajuzi wakiidharau kiasi gani. Upande mmoja wa santuri ndefu huchukua kama dakika 20, na usingizi wangu baada ya chakula cha jioni hufika dakika ya 12. Basi sindano ilikwaruza mfereji wa mwisho hadi alfajiri, na mke wangu aliamka akidhani tuna panya.

Jana nilijiandaa vyema, nikanywa kahawa, nikaitoa ile santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ambayo ndiyo iliyonitia wazimu huu wote. Tundu lake la katikati ni pana, na mhimili wa mashine ni mwembamba kama penseli. Kuna kipande cha plastiki cha kuziba pengo hilo, tena kilikuwamo ndani ya boksi. Mwanangu amekitia kwenye gari lake la waya; ni gurudumu la nyuma, na amekataa kuliuza.