Farasi yuko kwa fundi, babu

Aisee hii stori nyumbani sijawahi kuisema, maana wao mpaka leo wanajua kule Mufindi nilikuwa supavaiza wa mifugo.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nazoa mavi ya farasi. Na hata hiyo kazi niliipata kwa uongo, niliulizwa umewahi kuishi na farasi nikajibu bila kupepesa macho, nimekua nao. Nilichokua nacho mimi ni punda wawili wa mjomba wa kubebea mahindi, mmoja chongo. Kichwani kwangu farasi ni punda aliyeenda shule, basi.

Bandani kulikuwa na mzee mmoja Mhehe, tulimwita Babu, mtu wa maneno machache sana. Siku ya kwanza akanisimamisha mbele ya farasi jike la kahawia, kilo 450 hivi, yaani magunia manne na nusu ya mahindi yenye miguu, tulikuwa tunamwita Bibi. Akasema, huyu usimwendee kwa nyuma, pale haoni, na hapa mbele ya pua yake pia haoni, kwingine kote anakuona hata ukijikuna. Akiyalaza masikio nyuma ujue hakutaki. Na kamba usijizungushie mkononi hata siku moja. Mi naitikia "ndiyo Babu, ndiyo Babu" huku nachati.

Bibi na mimi hatukuelewana tangu mwanzo. Babu akiingia bandani masikio yanasimama kama ya mtoto kasikia gari la baba yake, mi nikiingia yanalala chwaa. Wiki ya kwanza tu alishapiga teke ndoo niliyokuwa nimeishika. Ndoo sikuiona tena, nilibaki na mkono wa ndoo.

Sasa ikawa mwezi wa saba. Anayeijua Mufindi mwezi wa saba anaelewa, kule ni karibu mita 1,900 toka usawa wa bahari, ukungu unashuka asubuhi mpaka huoni shamba la chai ulilosimama ndani yake, halafu kuna kale kamvua ka manyunyu kasiko na haraka. (Ila ndo baridi hiyo hiyo inayofanya farasi waishi vizuri kule, huko mabondeni kwenye mbung'o hawamalizi muda.) Fundi wa kwato alikuwa kaja shamba la jirani, kwato zinakua kama kucha, kila wiki sita mpaka nane lazima zikatwe, na Babu goti lilikuwa linamsumbua. Akaniambia, mpeleke wewe, tembea naye taratibu, usimpande.

Tukatoka. Nikiri hapa kwamba nilikuwa na koti jipya la mvua, nimelinunua sokoni Mafinga, la njano, nailoni ngumu ile inayosimama yenyewe hata bila mtu ndani, na nilikuwa nimelisubirisha wiki nzima nipate sababu ya kulivaa. Manyunyu yalipoanza nikaona siku yangu imefika. Tatizo koti lenyewe halina zipu, ni la kuvalia kichwani, na mikono yote miwili naihitaji. Nikafanyaje? Nikaizungusha kamba kwenye kiganja cha mkono, mara tatu, ili isinitoroke. Nikaingiza kichwa.

Mle ndani giza, koti linalia chwa chwa chwaaa, kichwa kinatafuta tundu hakioni. Sasa jiweke nafasi ya Bibi. Ulikuwa unatembea na mtu, unageuka unakuta mtu hana kichwa, ni dude la njano linapepea na kupiga kelele. Hata mimi ningekimbia.

Nilichosikia ni bega langu. Halafu nikawa nasafiri kwa tumbo, kwanza kwenye tope, tope ni laini sina lawama nalo, halafu kwenye michai. Jamani michai mnayoiona kwenye picha kama zulia la kijani, chini yake ni kuni tupu. Mzunguko wa kwanza wa kamba ukafunguka, wa pili, wa tatu ukaondoka na ngozi, nikabaki nimelala nasikia kwato zinapotelea kwenye ukungu. Kichwa bado kiko ndani ya koti.

Nikamtafuta masaa matatu, gambuti moja, mguu wa pili soksi. Nikakutana na kina mama wachuma chai, nikawasalimu, "Kamwene, hamjaona farasi kapita hapa?" Mmoja akaniangalia toka tope la kichwani mpaka kwenye soksi. "Kamwene. Mwanangu, pombe ya ulanzi si imeshaisha msimu, hiyo ya kwako umeitoa wapi?"

Njia nzima ya kurudi napiga hesabu mshahara wangu utalipa farasi mpaka wajukuu wangapi. Mwisho nikaamua, nitadanganya leo, usiku nitachukua tochi niendelee kutafuta.

Babu nikamkuta kakaa kwenye kigoda nje ya banda anasugua hatamu na kitambaa, hata hakuinua kichwa.

"Umerudi."

"Nimerudi Babu."

"Bibi yuko wapi?"

"Nimemwacha kwa fundi Babu, kuna foleni. Ila katulia kabisa, fundi mwenyewe kamsifia."

Nyuma yake, juu ya nusu mlango, kikatokea kichwa cha kahawia, mdomoni majani makavu, kinatafuna. Kishaogeshwa, kishakaushwa, kamba yake imetundikwa msumarini. Akaniangalia. Masikio yakalala nyuma.

Babu akaendelea kusugua hatamu. "Na gambuti nalo umeliacha kwenye foleni?"

"Ndiyo Babu."

"Haya. Kawafuate wote wawili kabla giza halijaingia."

Na mi kwa jinsi nilivyochanganyikiwa, nikasema "sawa Babu", nikageuka, nikaanza kwenda. Hatua kama ishirini hivi ndo nikashtuka.