Babu Anameza Dozi, Mjukuu Anaandikiwa Uji

Mtoto wa wifi yangu ana mwaka na miezi minne. Juzi nimeishika kadi yake ya kliniki, nikapandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Hakuna mwezi uliorukwa. Doti za uzito zimepigwa vizuri, kwa peni ya bluu, na tangu alipotimiza miezi tisa zinakwenda sambamba tu, hazipandi. Pembeni kuna maneno yale yale mwezi baada ya mwezi: "Ushauri wa lishe umetolewa."

Ushauri wenyewe ni uji. Mama aongeze karanga, aongeze mafuta, aongeze dagaa. Akasaga kila alichoambiwa asage. Nyumba nzima ilinuka dagaa.

Humo humo ndani babu wa mtoto, mwanaapolo wa zamani, yaani mchimbaji wa tanzanite kule Mererani, anameza dawa za TB. Wala hajajificha. Ameandikishwa, ana kadi yake, na dozi anaichukulia zahanati ile ile anakopimiwa mjukuu. Chumba cha TB na cha kliniki ya watoto vinapakana. Huku wanamjua babu, kule wanamjua mtoto, na hakuna aliyefikiria kuuliza hawa wawili wanalala wapi. Wanalala chumba kimoja, tena dirisha limezibwa kwa sababu ya baridi.

Sasa mniambie, tumekosa nini hapo? Mashine? Dawa? Mwongozo? Mwongozo upo, na unasema wazi kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa wa TB achunguzwe, na akikutwa hana ugonjwa apewe dawa za kinga. Kilichokosekana ni mtu wa kunyanyuka kwenye kiti na kugonga mlango wa jirani.

Najua kuna atakayesema mtoto alichanjwa BCG, ile chanjo ya TB. Alichanjwa, kovu analo. BCG inamkinga mtoto na zile TB kali, kama ya kwenye ubongo, lakini haimfungii mlango kabisa. Mwingine atasema mtoto hakohoi sana. Wadogo wengi ndivyo walivyo: anakonda, anapooza, homa za kuja na kuondoka, hacheki. Ukimwambia atoe makohozi atakukodolea macho, maana akikohoa anameza. Ndiyo maana siku hizi hata kinyesi cha mtoto kinapimwa kwenye GeneXpert, mashine ya kupima TB. Lakini kipimo hakijiendei chenyewe maabara, lazima kwanza mtu awe na wasiwasi.

Na wasiwasi unaanza na maswali ambayo hayamalizi dakika mbili. Anakohoa? Ana homa? Uzito unapanda? Nyumbani kuna mgonjwa wa TB? Nimeshuhudia kwa macho yangu karatasi za maswali ya namna hii zikijazwa "hapana, hapana, hapana" mpaka chini, mama mwenyewe akiwa bado kwenye foleni ya mzani.

Mererani mnaijua. Mwaka 2018 tuliizungushia migodi ukuta wa kilomita zipatazo 24 ili tanzanite isitoroshwe. Mwaka 2020 Mzee Laizer akauza mawe mawili kwa shilingi bilioni 7.74, na Rais wa wakati huo, Magufuli, akampigia simu kumpongeza. Safi sana. Jiwe linalindwa na bei yake kila mtoto anaijua. Vumbi la mgodini, lile linalochakaza mapafu na kuifungulia TB njia, halikaguliwi getini. Linatoka na mchimbaji mpaka kwenye kitanda anacholala na wajukuu. Hospitali ya Kibong'oto, ile ya TB, imewahudumia wachimbaji hawa miaka nenda rudi, na wanakuja wamechelewa.

Haya, nikubali, kwa shingo upande. Takwimu za kitaifa zinaonyesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16 hadi 104 kwenye ule wa 2022. Mjamzito akizidiwa usiku, gari la m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, linaweza kuitwa kwa namba 115. Dozi ya TB ni bure. Manesi ni wachache, nao wanachoka, najua, dada yangu ni mmoja wao na tutagombana akisoma hapa.

Nauli bado si bure. Mjamzito anayekohoa bado anaambiwa ni mimba tu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tuliotangaziwa 2024, zaidi ya 137,000, ndio hasa wangeingia nyumba ya huyu babu na kuhesabu vichwa vilivyomo, na kwetu bado tunawasubiri.

Mtoto ameanza dawa. Ni vidonge vidogo vya watoto, unavimumunyisha kwenye maji, vina ladha ya matunda, anavinywa bila vita. Siku wifi alipokwenda kuvichukua alikabidhiwa kadi ya pili na kuambiwa: uzito ni Jumanne, TB ni Alhamisi, usichanganye. Pikipiki kwenda na kurudi, mara mbili badala ya moja, kwa vyumba viwili vinavyopakana. Mganga mfawidhi, kama unasoma: hiyo ratiba haihitaji bajeti wala mfadhili, inahitaji wewe na nesi wako mkae robo saa muibadilishe.