Kabla ya kuiongezea bastola yako leza

Wenye leseni za bastola hapa Malindi wakikutana, mazungumzo hayakawii kufika kwenye vya kuongeza: leza, kifyatulio chepesi, mtutu uliotobolewa, mpini wa rangi. Wapo walio tayari kumwaga fedha kwa vitu hivyo ilhali hawakumbuki mara ya mwisho walipokwenda kufanya mazoezi ya shabaha. Naona tumeanzia pasipo. Kwa anayebeba bastola ili ajilinde, marekebisho yenye maana ni yale yanayomwezesha kuona, kushika na kuzuia kutu.

Kutu naitanguliza makusudi. Huku kwetu upepo wa kusi unaingiza chumvi mpaka kabatini. Chukua bastola aina ya Ceska iliyobebwa kiunoni chini ya shati msimu mzima wa joto, ufungue vibao vya mpini. Nje rangi nyeusi bado inang'aa, lakini chini ya kibao kuna mstari wa kahawia umefuata ukingo pale jasho lilipotuama, na kichwa cha skrubu kimeanza kulika. Ala ya ngozi inazidisha balaa, kwa sababu ngozi hunyonya jasho ikalishikiza kwenye chuma usiku kucha. Kwa hiyo rekebisho la kwanza ninalolipendekeza haligusi hata bastola yenyewe: achana na ngozi, nunua ala ya plastiki ngumu inayoikamata bastola sawasawa na kufunika kifyatulio chote. Bastola ya zamani ambayo rangi yake imekwisha, kuipeleka kwa fundi mwenye leseni aipake upya kwa rangi inayohimili chumvi ni fedha iliyokwenda mahali pake. Mwenye bastola aina ya Glock ana nafuu, maana fremu ni ya plastiki na chuma chake kimetibiwa kiwandani kisishike kutu upesi. Nafuu hiyo isimlaze usingizi, kwani springi na pini za ndani nazo zinataka kusafishwa na kupakwa mafuta.

Halafu macho. Glock nyingi hutoka kiwandani na vilengeo vya plastiki, na wengi wetu tuliovuka miaka arobaini kilengeo cha mbele tunakiona ukungu. Kubadilisha kile cha mbele kiwe cha chuma, chenye doa la rangi kali, ni kazi ndogo yenye faida kubwa. Vile vinavyowaka gizani kwa tritiamu, gesi yenye mionzi, ni vizuri pia, ila mnunuzi ajue kwamba nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka kama 12, kwa hiyo vya mtumba visimdanganye. Leza siitaki. Jua la saa sita ufukweni linaifuta ile nukta nyekundu kabisa, na betri haikwambii inakufa lini.

Mpini ni suala la mkono wako tu. Ukiwa mnene mno, kidole hakifiki vizuri kwenye kifyatulio. Ukiteleza kwa jasho, mpira au utepe wenye mikwaruzo unatosha.

Sasa kifyatulio, na hapa nitasema kwa nguvu kwa sababu nimewasikia vijana wakijisifia kwamba chao "kinagusa tu". Kifyatulio cha kawaida cha Glock kinataka uzito wa kilo mbili na nusu hivi, na uzito huo haukuwekwa kwa bahati mbaya. Mtu aliyeshtuliwa usiku na kishindo mlangoni, mikono inamtetemeka, hahisi tena kidole chake kama alivyokihisi mchana uwanjani. Anayeingia anaweza kuwa mwanawe aliyechelewa kurudi. Kwa Ceska yenye nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi iwake, kuna la ziada. Ukipiga risasi ya kwanza nyundo ikiwa chini, kifyatulio ni kizito, na zinazofuata ni nyepesi. Watu huchukia ule uzito wa kwanza, wakaweka springi dhaifu ya nyundo. Matokeo yake nyundo hugonga kwa ulegevu, na risasi yenye kitako kigumu haiwaki. Umenunua ulaini, umeuza uhakika.

Kuna na mahakama. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Adhabu kinapima kujitetea kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza, ambako nguvu uliyotumia lazima iwe ya kiasi. Sitamani mwenzangu yeyote asimame mbele ya hakimu akieleza kwa nini alilainisha kifyatulio cha silaha aliyopewa leseni ya kujilindia. Tangu serikali iamuru Desemba 2018 wenye leseni wote wapigwe msasa upya, ni vyema kila rekebisho lifanywe na fundi anayetambulika, na risiti itunzwe pamoja na cheti.

Mtutu uliotobolewa ni wa mashindano. Gizani unatupa moto mbele ya macho yako mwenyewe.

Kwa bei ya leza moja nzuri unapata boksi kadhaa za risasi. Zipeleke uwanjani, simama mita saba kutoka shabaha, upige polepole. Zikitawanyika huku na huku, tatizo ni la mkono, na dukani hakuna kitu cha kulitibu. Zikijikusanya pamoja lakini kila mara kando ya nukta, na mwenzako akiishika akapata vilevile, hapo mwite fundi akuangalilie vilengeo.