Mzee abaki nyumbani au aende makazi: tunavyomsahau anayemtunza

Katika familia nyingi mjadala huu huisha kabla haujaanza. Mzazi amepata kiharusi, upande mmoja wa mwili umepooza, watoto wamekaa kikao, na mmoja akigusia tu habari ya kituo cha wazee, mwingine hudakia kwamba mama hatapelekwa kambini ilhali watoto wake wako hai. Neno hilo "kambi" ni zito. Serikali ya Tanzania huandika "makazi ya wazee", lakini mitaani watu bado husema kambi, na wana sababu: baadhi ya makazi hayo, kama Nunge ya Kigamboni na Bukumbi mkoani Mwanza, yana historia ya kutunza watu waliougua ukoma, ambao wengi wao walikuwa wametengwa na jamaa zao. Anayeogopa kambi anaogopa kutupwa, na hofu hiyo haistahili kubezwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo iliegemea upande huo, kwa kuwa iliitaja familia kuwa taasisi ya msingi ya matunzo na makazi kuwa hatua ya mwisho. Kwa kawaida mzee hupokewa katika makazi ya serikali baada ya ofisa ustawi wa jamii kujiridhisha kwamba hajiwezi na hana ndugu wa kumtunza. Maana yake ni kwamba familia yenye watoto watano wenye kazi zao, inayobishana usiku kucha juu ya nyumbani au makazi, mara nyingi inabishana juu ya mlango ambao haukuwekwa kwa ajili yake.

Faida za nyumbani ni za kweli. Mzee aliyeanza kusahau huchanganyikiwa zaidi akihamishwa, lakini katika nyumba aliyoizoea anaweza kuijua njia ya chooni hata gizani, anaisikia adhana ya msikiti uleule, na bado anaulizwa shamba lilimwe lini. Heshima ya kuulizwa haipatikani kirahisi mahali pengine.

Hata hivyo, niliwahi kukaa wiki tatu nikisaidia kumuuguza shangazi yangu, na tangu hapo siwezi kuandika "matunzo ya nyumbani" bila kuuona mgongo wa binamu yangu, binti yake wa pekee. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Binamu alikuwa akipitisha kanga iliyokunjwa chini ya kiuno cha mama yake, kisha anamvuta taratibu kuelekea kwake, kwa sababu kumnyanyua kwa mikono kulikwisha kumshinda. Uji alimpa kwa kijiko, kichwa kikiwa kimeinuliwa, maana maji mepesi yalimpalia. Kaka zake walituma fedha kila mwezi bila kukosa na kupiga simu kuuliza mama anaendeleaje, lakini sikumsikia hata mmoja akimuuliza dada yake analala saa ngapi. Genge lake la mboga lilikuwa limefungwa, na huo ulikuwa mwezi wa nne. Kidonda kilipotokea karibu na makalio ya shangazi tulikigundua kwa harufu, kwa kuwa hospitali iliyomruhusu ilimpa binti orodha ya dawa bila kumwonyesha namna ya kumlaza na kumkagua ngozi.

Pale ambapo hakuna binti, kazi hiyo humwangukia dada wa kazi, aliyeajiriwa kupika na kufua, na ambaye mshahara wake hauongezwi hata senti.

Tena nyumbani si salama kwa kila mzee. Katika Usukuma, akina mama wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi yametokana na miaka mingi ya kupikia moshi wa kuni, yakachukuliwa kuwa ushahidi. Kwa mama wa aina hiyo, makazi ni kimbilio, na kumwambia kwamba matunzo bora ni ya familia ni kumrudisha kwenye hatari.

Zanzibar inatoa mfano wa kuangaliwa. Inazo nyumba za wazee, zikiwemo za Sebuleni na Welezo, na papo hapo tangu Aprili 2016 serikali yake ilianza kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi pensheni, iliyoanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumtaka athibitishe ufukara. Fedha hiyo humnunulia mzee sabuni na sukari na kumpa sauti ndani ya nyumba, na kwangu hilo ni jambo kubwa, ingawa haitoshi kumlipa mtu wa kushika zamu ya usiku.

Mimi naegemea nyumbani, kwa sharti kwamba anayetunza naye atunzwe. Hospitali isimruhusu mgonjwa aliyepooza kabla ndugu hajafundishwa kumgeuza na kumlisha. Makazi ya serikali, yakiongezewa wauguzi na vitanda, yangeweza kumpokea mzee mwenye familia kwa wiki mbili, kwa malipo ya wastani, ili anayemtunza apumzike. Na ndugu wahesabiane usiku waliokesha, si shilingi pekee.

Baada ya kile kidonda, familia ya shangazi ilikaa kikao kingine na kuandika zamu kwenye karatasi. Kaka mkubwa alichukua likizo, akasafiri, akaanza na wiki ya kwanza ili dada yake akalale kwa jirani. Usiku wa kwanza, saa tisa, alimpigia simu kumuuliza kanga inapitishwa upande gani.