Homa Inayorudi Kila Baada ya Siku 21

Mwaka jana alikuja bibi mmoja kwenye zahanati ninayofanya kazi ya maabara, Mbagala, kamshika mkono mjukuu wake wa miaka minne. Mtoto ana homa, fizi zimevimba, ulimi na mashavu kwa ndani vidonda vitupu, hata mate anameza kwa taabu. Bibi alikuja na vyeti vya vituo vitano. Nikavipanga mezani: malaria, UTI, taifodi, malaria tena, koo. Kila dozi mtoto alipona baada ya siku chache, sifa ikaenda kwa dawa.

"Mwanangu, ugonjwa wa huyu unakwenda na mwezi," akaniambia. Akatoa kalenda ya ukutani, kaikunja mara nne, siku za homa kazitia duara kwa kalamu ya bluu. Nilihesabu. Mwezi haukuhusika, kwani duara moja liliangukia mwezi mwandamo, jingine mwezi mpevu. Lakini kutoka duara hadi duara zilikuwa siku 21, mara moja 20, mara moja 22.

Namba hiyo nilikuwa naijua tangu chuoni. Ni ya ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili hushuka na kupanda kila baada ya siku 21 hivi, na unatokana na jeni moja iitwayo ELANE.

Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 19. Ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza elastasi, kimeng'enya cha kukata protini kinachokaa ndani ya nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazowahi kufika vijidudu vinapoingia mwilini. Uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, hutoa nyutrofili kama bilioni 100 kwa siku, maana zikishaingia kwenye damu hazidumu. Elastasi hubebwa kwenye vifuko vidogo, kama kisu cha mpaa samaki wa soko la Feri kilichoviringishwa kitambaa. Kikitoka kinakata protini za bakteria, ila hakichagui, hata nyuzi zinazoyafanya mapafu yavutike na kurudi hukatwa. Kwa hiyo ini hutengeneza protini ya kukizuia, alfa-1 antitripsini, na moshi wa sigara huidhoofisha protini hiyo.

Jeni ikiwa na kosa, mara nyingi la herufi moja tu, elastasi hujikunja vibaya chembe ingali changa ndani ya uboho, na chembe hufa kabla ya kukomaa. Mwanzoni nilidhani tatizo ni kupungukiwa na kimeng'enya. Sivyo. Watu wenye ugonjwa wa Papillon-Lefèvre karibu hawana elastasi inayofanya kazi, fizi zao huoza na meno hung'oka mapema, lakini idadi ya nyutrofili zao ni ya kawaida. Kinachoiua chembe ni kisu kilichopinda kikiwa bado mfukoni.

Mwaka 1999 watafiti walichunguza familia 13 zenye ugonjwa huu wa kushuka na kupanda kwa nyutrofili, na zote 13 zilikuwa na kosa kwenye jeni hii, wakati huo ikiitwa ELA2. Makosa mengine ya jeni hiyo hiyo huleta hali mbaya zaidi, nyutrofili zikakaa chini siku zote.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Ugonjwa huu ni adimu, nakubali. Lakini namna tunavyopima damu hapa mjini, hata ukiwepo hatuuoni. Nyutrofili hushuka chini ya bilioni 0.2 kwa lita ya damu kwa siku tatu hadi tano tu, kisha hupanda zenyewe. Mtoto akiletwa zikishaanza kupanda, kipimo kimoja hakisemi kitu. Na hata zikiwa chini, mashine ikaandika pembeni herufi L, yaani "low", chini ya kiwango, tumezoea kuipita. Tunayo sababu: Waafrika wengi tuna aina ya jeni ya ACKR1 inayoondoa protini iitwayo alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, ikatukinga na aina ya malaria iitwayo vivax, na watu hao huwa na nyutrofili chache bila ugonjwa wowote. Viwango vingi vya mashine vimetokana na damu za watu wa kwingine. Basi L ya mtu asiye na ugonjwa na L ya mtoto huyu zinafanana kwenye karatasi.

Zinatofautishwa na tarehe. Damu ipimwe mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki sita, na mwenye darubini ahesabu chembe kwenye slaidi kwa jicho lake. Kuanza hakuhitaji kipimo cha jeni. Kunahitaji nafasi kwenye fomu ya kuandika homa iliyopita ilikuwa lini, na kunahitaji mzazi atozwe mara moja kwa mfululizo mzima, maana nauli za daladala peke yake zinatosha kumkatisha tamaa. Dawa ipo, sindano ya filgrastimu, ile wanayopewa wagonjwa wa saratani chembe zao zikishuka. Haiondoi kosa la jeni, lakini hufupisha siku za hatari, na siku hizo ndizo zinazoua.

Kwa yule mtoto tulifanya wiki sita. Nyutrofili zilishuka karibu na sifuri mara mbili, na mara zote mbili ndani ya maduara ya bibi. Tukampa rufaa kwa daktari bingwa wa damu, na nakala ya kalenda tukaibana kwenye barua.

Siku ya kuchukua barua nilimuuliza bibi kama kuna mwingine nyumbani mwenye vidonda vya mdomoni. Mzazi mwenye kosa hili akizaa, kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kulirithi. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Baba yake. Udogoni alikuwa hivi hivi, tukimsugua kwa asali."

Nikamwomba aje naye Jumatatu.