Majina yamepitwa haraka

Makala ninayoijibu hapa imesifu rangi za slaidi (picha za filamu za kutazamwa kwa projekta) alizopiga afisa wa serikali ya Kanada huko Aktiki miaka ya 1950, ila suala la majina ya Wainuit, wenyeji asilia wa huko, waliomo pichani limeguswa juu juu tu. Maelezo ya picha za zama zile mara nyingi huishia "mama Mweskimo na mtoto" (Mweskimo ni jina la zamani la Mwinuit), basi! Tangu 2002 hifadhi ya nyaraka ya taifa, kupitia mradi wa Project Naming, imekuwa ikiwaonyesha wazee wa Kiinuit picha za aina hiyo ili wawatambue waliomo. Anayetafuta ndugu zake ajue kwamba kabla ya 1970 hivi Wainuit wengi hawakuwa na jina la ukoo. Badala yake serikali iliwapa namba za utambulisho kwenye vibati vidogo vya duara, zikianza na E kwa mashariki ya Aktiki, W kwa magharibi. Jina moja huandikwa kwa tahajia hata tatu, jaribuni zote.

Mnaoskani slaidi kama hizo: Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, ikikaa gizani hudumu, lakini taa ya projekta huipausha upesi. Kwenye skana, zimeni kisafisha vumbi cha infraredi, maana hudhani sehemu za picha ni uchafu na kuzifuta. Buluu ikizidi, tumieni profaili (mpangilio wa rangi wa skana) ya Kodachrome. Na fremu ya karatasi inayoshika slaidi msiitupe kabla ya kuiskani pande zote mbili. Huenda jina la kambi limeandikwa hapo kwa penseli.