Chandralekha aliipa Bharatanatyam mwili, akaipokonya uso

Mwaka 1952 mjini Madras, India, mcheza ngoma Chandralekha alipanda jukwaani kucheza Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya India Kusini, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Onyesho lilikuwa la kuwachangia waathirika wa ukame wa Rayalaseema, eneo la kusini mwa India. Katikati ya wimbo akajikuta anaigiza, kwa vidole na macho, wanawake wanaochezea maji tele ya mto Yamuna, huku fedha zinazochangwa ni za watu wenye kiu. Alisimulia baadaye kwamba aliduwaa palepale.

Wengi wangemaliza wimbo na kusahau. Yeye aliliacha jukwaa kwa miaka mingi, akaandika, akachora mabango, akaingia kwenye harakati za wanawake. Aliporudi na onyesho lake Angika mwaka 1985, mungu Krishna hakuwemo, wala mwanamke anayemngoja mpenzi. Kulikuwa na yoga, mafunzo ya kupigana ya Kerala yaitwayo kalaripayattu, na mkao ule wa msingi wa Bharatanatyam: magoti yamefunguka kwa pembeni, uzito umeshuka chini, mgongo wima. Kwake mkao huo ulikuwa na nguvu ya kutosha, bila hadithi ya kuupamba.

Waliokasirika kwa ajili ya miungu siwajadili sana. Pingamizi zito linatoka kwingine. Mcheza ngoma Balasaraswati, aliyefariki mwaka 1984, alitoka katika ukoo uliorithishana sanaa hii vizazi na vizazi, na kwake roho ya ngoma ilikuwa abhinaya, yaani wimbo kutafsiriwa kwa uso na mikono. Mstari mmoja unarudiwa, na kila ukirudi jicho linasema jambo jingine: wivu, kejeli, hamu. Wanawake wa koo hizo walishafukuzwa mahekaluni kwa kampeni za maadili na sheria ya Madras ya mwaka 1947. Abhinaya ilikuwa sauti yao. Chandralekha alipoitupa ili aikimbie ibada ya maonyesho, aliitupa na sauti hiyo.

Lakini tuwe wa haki. Abhinaya aliyoikuta kwenye majukwaa mengi ilikuwa imekaushwa: hariri, vito, tabasamu la kukariri. Tangu mcheza ngoma Rukmini Devi Arundale aanzishe shule ya sanaa ya Kalakshetra mwaka 1936, ngoma ilikuwa imepewa heshima ya tabaka la juu, na ashiki ikapunguzwa kwa makusudi. Chandralekha aliirudisha kwa njia ya mwili. Katika onyesho lake Sharira la mwaka 2001, mwanamke na mwanamume wanasogea polepole mno, ndugu wa Gundecha wakiimba dhrupad, uimbaji wa kale wa India Kaskazini, na mvutano kati ya miili hiyo unaonekana bila nyusi kuinuliwa.

Mwanamke huyo alikuwa mshairi Tishani Doshi, ambaye hakuwa amesomea Bharatanatyam. Wakosoaji wanauliza: basi hiyo ni Bharatanatyam ya wapi? Swali ni halali, ingawa naona ugomvi wa jina haufiki mbali. Taasisi ya taifa, Sangeet Natak Akademi, ilimpa ushirika wake wa heshima mwaka 2004, miaka miwili kabla ya kifo chake, na ugomvi ukaendelea vilevile.

Padmini Chettur, aliyecheza katika kundi lake miaka ya 1990, baadaye alipunguza zaidi katika kazi zake mwenyewe. Ninaziheshimu kazi hizo. Ila nikitaka kuona mwanamke akimkejeli mpenzi wake kwa jicho moja, bado natafuta filamu za Balasaraswati.